Mkunga wa kufuga nyumbani Mwanza: yupi wa kununua, yupi wa kumwacha

Mwanza tumezungukwa na maji, ila hakuna hata ndoo moja ya ziwani inayomfaa mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Yeye ni wa baharini. Ukitaka kumfuga Nyegezi au Ilemela, bahari unaitengeneza mwenyewe: maji ya bomba yaliyoondolewa klorini, na chumvi maalumu ya akwariamu ya baharini, takriban gramu 35 kwa lita. Tangi la lita 300 linakula zaidi ya kilo 10 za chumvi siku ya kwanza tu. Chumvi ya jikoni haifai, kwa sababu haina kalsiamu na magnesiamu ya kutosha. Kisha tangi liendeshwe wiki 4 hadi 6 bila mkunga, mpaka bakteria wanaomeng'enya amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) wazaliane. Asiyekuwa tayari kusubiri, asinunue.

Wa kwanza kwangu, na simwoni wa kumshindanisha naye, ni Echidna nebulosa: mweupe, mabaka meusi yenye vitone vya njano. Nyumbani hufika sentimita 60 hadi 75. Meno yake ni butu, ya kuvunjia kaa, kwa hiyo samaki wakubwa wenzake kwa kawaida huishi naye salama. Kamba na kaa utakaowaweka humo, wahesabu wameliwa. Lita 200 ndiyo mwisho wa chini, 300 ndiyo raha yake. Kinachompa nafasi hii hasa ni kwamba anazoea upesi kula kamba waliogandishwa, na hao Mwanza wanapatikana.

Usimlipie kabla hujamwona akila. Muuzaji akiwa Dar es Salaam, mpigie simu ya video, amshushie kipande cha kamba kwa koleo. Mkunga mwenye afya ananusa kwanza, kichwa kinayumba kidogo nje ya bomba anamojificha, halafu anadaka. Mtazame pua kama haijachubuka, na nyuma ya kichwa kama nyama haijabonyea. Kufungua na kufunga mdomo kusikutishe: ndivyo anavyopumua.

Wa pili ni Gymnomuraena zebra, mwenye mistari myembamba myeupe. Ni mpole kupita wote, ila anaweza kufika mita moja na nusu, kwa hiyo usifikirie chini ya lita 500. Akiwa mgeni hugoma kula, wakati mwingine kwa wiki kadhaa. Mpe kamba wenye magamba yao, au kaa ukimpata.

Wa tatu, Gymnothorax melatremus, ni wa njano na hazidi sana sentimita 26. Tangi la lita 100 na kidogo linamtosha. Nimemshusha kwa sababu ni adimu, bei yake iko juu, na hupenya kwenye tundu ambalo hukudhani lina maana.

Sasa wa kuwaacha. Rhinomuraena quaesita, ule utepe wa buluu unaovutia kila mtu, wengi hukataa kula kabisa na kufa kwa njaa. Gymnothorax javanicus hufika mita 3. Hakuna sebule ya kumweka. Lakini anayewanasa zaidi watu wa kanda hii ni Gymnothorax tile, anayeuzwa kama "mkunga wa maji baridi". Kwao ni kwenye midomo ya mito, maji yenye chumvi kiasi. Ukimweka kwenye maji ya ziwa atadhoofika taratibu, aache kula, afe, nawe umeambiwa ni samaki wa kwenu. Hilo linaniuma. Agiza kila mara kwa jina la kisayansi.

Bajeti isiishie kwa samaki. Mfuniko uwe mzito, wenye kufungwa, na pale nyaya zinapopita pazibwe. Mikunga wengi huishia sakafuni. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri ndiyo inayowaokoa. Hita ndogo inahitajika pia, maana usiku wa Mwanza hupoa, na yeye anataka nyuzi 24 hadi 27. Dawa za samaki zenye shaba usiziguse.

Chakula chake cha kawaida kisiwe dagaa wa soko la Mwaloni wala vipande vya sangara, hata kama ni rahisi. Mwili wake umezoea vya baharini. Tumia koleo refu, kamwe si vidole. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kuwa mkunga ana taya la pili kooni, linalosogea mbele na kuvuta windo ndani. Kijana alishwe mara 2 au 3 kwa wiki, mkubwa hata mara moja inatosha.

Maji unayobadilisha yamwage chooni. Kwenye bustani chumvi itaua mboga.