"Only You" ya The Platters: ya Federal au ya Mercury?

Wapenzi wa doo-wop, uimbaji wa makundi ya Marekani wa kupatanisha sauti, wakikutana, swali hili halikosi. The Platters waliurekodi wimbo huu mara mbili: 1954 kwa kampuni ya rekodi ya Federal, iliyoukalia bila kuutoa, na 1955 kwa kampuni ya Mercury. Wa Mercury ulipovuma, Federal nayo ikautoa wa kwanza sokoni. Mkanganyiko ulianzia hapo.

Kwa uimbaji, nachukua wa Mercury bila kusita. Msikilize mwimbaji kiongozi Tony Williams anavyolikata neno la kwanza, kama mtu aliyeshikwa na kwikwi, kisha sauti ikapaa huku wenzake wametulia nyuma yake. Wa Federal ni mbichi, lakini ubichi huo ndio utamu wake: unalisikia kundi likijitafuta.

Kwa upatikanaji, wa Mercury umejaa kwenye mikusanyo. Ila kagua lebo: miaka ya 1960 kundi lilirekodi upya vibao vyake kwa kampuni nyingine, Musicor, Sonny Turner akiongoza uimbaji. Santuri halisi ya Federal itakusumbua kuipata.

Ukitaka wimbo wa kucheza na mwenzio harusini, chukua wa Mercury. Ukifuatilia kundi lilivyokua, anza na wa Federal.