Kitasa cha mlango: kabla hujauliza mwizi ataingiaje, uliza mtatokaje

Swali ninaloletewa kuliko yote ni hili: "Dada, kitasa gani mwizi hawezi kukivunja?" Nimelijibu kwa kifupi mara nyingi. Leo nalijibu kwa urefu, kwa sababu ya msomaji mmoja wa Tabata. Waya wa friji uliungua kwake usiku, moshi ukajaa sebuleni na umeme ukakatika. Mlango wa mbele ulikuwa na kitasa cha ufunguo ndani na nje, na mbele yake grili yenye kufuli. Ufunguo wa kitasa waliupata kwa kupapasa ndani ya mkoba. Wa kufuli ulikuwa juu ya friji hilohilo. Walitoka wazima kwa sababu jirani aling'oa grili kwa mtaimbo.

Vitasa vyake havikuwa vibovu. Vilikuwa imara, vya bei, na vilifanya kazi yake sawasawa kabisa: havikumruhusu mtu kupita bila ufunguo. Hiyo ndiyo kasoro ambayo sijamsikia muuzaji akiitaja. Nyumba zetu madirisha yote yana nondo, kwa hiyo mlango ndio njia pekee. Unaweza kupiga 114 kuwaita Zimamoto, lakini gari lao litapenya saa ngapi kwenye vichochoro vyetu, na moshi hausubiri mtu atafute ufunguo.

Rangi ya mikono ya vitasa na kung'aa kwake sitavizungumzia, macho unayo. Mimi ninapanga vitasa kwa kipimo kimoja kwanza: mtoto wa darasa la tatu, gizani, anaweza kufungua akiwa ndani bila ufunguo? Kikishindwa hapo, kinashuka chini, hata kiwe kizito namna gani.

Namba moja: kitasa cha silinda chenye kigeuzio upande wa ndani

Silinda ni kile kipande kinachoingizwa ufunguo. Nje unaingiza ufunguo, ndani kuna kishikio kidogo unachozungusha kwa vidole viwili. Ukishakizungusha, ulimi unaingia kwenye fremu na mlango umefungwa kikweli. Faida ya pili watu wengi hawaijui. Silinda ya kawaida ya funguo pande mbili, mtu akiacha ufunguo umechomekwa ndani, ufunguo wa nje mara nyingi haufanyi kazi. Sasa fikiria bibi yuko peke yake nyumbani, ameanguka bafuni, na ufunguo umening'inia mlangoni kwa ndani. Utavunja mlango. Penye kigeuzio hakuna ufunguo wa kusahauliwa ndani, wa nje unafungua.

Kwenye aina hii mimi ni mtu wa chapa ya Yale, na sifichi. Linus Yale Mdogo, Mmarekani, ndiye aliyepata hataza, yaani haki za mvumbuzi, za kitasa cha pini ndogo ndani ya silinda miaka ya 1861 na 1865, na mpaka leo ufunguo bapa wenye meno ulio mfukoni mwako unafuata kazi yake. Ninachokipenda ni jinsi ufunguo unavyozunguka bila kukwama hata baada ya vumbi la kiangazi na chumvi ya pwani, na silinda ikichoka unabadilisha silinda tu, mlango haupasuliwi upya.

Ila pima. Silinda ina tundu la skrubu katikati. Pima kutoka katikati ya tundu hilo hadi kila ncha: 35 kwa 35, au 30 kwa 40, kwa milimita. Ikiwa ndefu kuliko unene wa mlango itachomoza nje. Mwizi anaibana kwa koleo na kuikunja, nayo inakatika palepale penye tundu la skrubu kwa kuwa ndipo palipo pembamba. Isichomoze zaidi ya milimita 3. Fundi atakwambia haina shida. Mwambie airudishe dukani.

Wako watakaosema mtoto mdogo atafungua na kwenda zake barabarani. Ni hoja ya kweli. Weka komeo juu, pale ambapo wa darasa la tatu anafika kwa kunyoosha mkono. Mtoto mdogo hafiki, na dada wa kazi anafungua kwa mkono mmoja. Na kama mlango wako una kioo karibu na kitasa, usiweke kigeuzio kabla hujaziba hapo kwa grili, maana mwizi atavunja kioo na kuingiza mkono.

Namba mbili: kitasa cha kubandika juu ya mlango

Hiki kinakaa upande wa ndani, kinajifunga chenyewe ukivuta mlango, na unakifungua kwa kuzungusha kitufe. Ni kizuri kama kitasa cha pili, hasa kwa wapangaji wasioruhusiwa kutoboa mlango sana. Peke yake hakitoshi: ulimi wa aina nyingi umechongwa mshazari, na kadi ya plastiki inaweza kuusukuma. Tafuta aina ambayo ulimi wenyewe unajikaza mlango ukishafungwa, usisukumike.

Namba tatu: kitasa cha liva 5, ufunguo pande zote

Liva ni vibati vya ndani ambavyo ufunguo huviinua. Hapa nitagombana na mafundi, kwa sababu hiki ndicho wanachokisifu, hasa cha Union. Union ni jina zuri, asili yake Willenhall, mji wa Uingereza uliojulikana kwa mafundi wa vitasa, na leo iko chini ya kampuni ileile ya Sweden inayomiliki Yale nje ya Marekani na Kanada. Ubora sibishani nao. Lakini tazama viwango viwili vya Waingereza wenyewe. Chini ya BS 3621 unafungua kwa ufunguo ndani na nje. Chini ya BS 8621 ugumu wa nje ni uleule, ila aliye ndani anatoka bila ufunguo. Kwetu unauziwa cha kwanza, cha pili hata hakitajwi. Cha liva 5 kiweke kwenye stoo au mlango wa ofisi, au kitumie nyumbani pale tu watu wote wametoka.

Vitasa vya alama ya kidole nitasema machache. Vingi vinafunguka kwa ndani kwa kushusha mkono tu, na hilo nimelipenda. Hakikisha kina tundu la ufunguo wa dharura na mahali pa kugusisha betri kwa nje, maana betri za ndani zitakwisha siku moja. Vya bei rahisi visivyo na vyote viwili, acha.

Vya liva 2 vya bei ya chini? Vya chumba cha kulala, basi. Michongo ya funguo zake ni michache, ufunguo wa jirani unaweza kufungua kwako.

Sasa grili. Kufuli ikiwekwa kwa ndani kila usiku, kitasa kizuri hakina maana tena. Mwambie fundi wa kuchomelea aweke komeo la kuteleza na alizungushie kisanduku cha bati nene, mkono wa nje usifike. Kufuli iwe ya nje, mkiwa hamna mtu ndani. Mwambie pia nondo za dirisha moja la chumbani aziwekee bawaba, zifunguke kwa ndani. Milango ya kale ya Unguja mnyororo na kufuli vilikaa nje, ndani palikuwa na komeo au pingo, na aliye ndani hakuhitaji ufunguo wa mtu yeyote.

Na wale mnaofungia watoto na dada wa kazi kwa nje, mkaondoka na funguo kwenda kazini: nawaomba muache. Najua sababu, najua hofu. Hakuna kitasa nitakachokutajia kikafanya hilo kuwa salama.

Kuhusu wauzaji, nina machungu. Ukifika na fundi, bei inapanda kwa sababu na yeye ana fungu lake. Ukifika kwa gari, inapanda tena. Kisha unaambiwa "orijino namba moja" na "orijino namba mbili", kana kwamba orijino ina madaraja. Kufuli iliyoandikwa shaba, nenda na sumaku ndogo: ikinasa kwenye mwili wake, hiyo ni chuma kilichopakwa rangi. Chuma kilichopinda juu kitanasa, hicho ni sawa. Dai boksi lifunguliwe, jaribu funguo zote, siyo ule mmoja uliochomekwa, na udai risiti ya mashine ya EFD yenye jina la kitasa ulichonunua. Ukiuziwa bandia, Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia, na bila risiti utapata shida kuthibitisha ulinunua duka gani.