Grabu ndogo ya Van Veen na chekeche lake: tope inaleta, ila maneno ya kwenye boksi yapunguzwe

Hii ni seti ya kuchota tope la sakafu ya bahari na kuchekecha wanyama wanaoishi ndani yake. Inakuja na grabu (taya za kuchotea hilo tope) ya chuma cha pua yenye mdomo wa sentimita za mraba 250, chekeche la matundu ya milimita 1, kichupa cha rozi bengali, rangi ya kupaka wanyama waonekane, na kijitabu kilichojaa ahadi. Nimeishusha kwenye tope laini, kwenye mchanga na kwenye changarawe, kwa hiyo naongea nilichokiona.

Grabu yenyewe sina ugomvi nayo. Dizaini ni ya zamani, mhandisi Mholanzi Johan van Veen aliibuni miaka ya 1930 na mpaka leo watu wanaitumia kwa sababu haina mambo mengi: taya mbili, mikono miwili mirefu, minyororo na kulabu basi. Inashuka ikiwa wazi, ikigusa chini kamba inalegea kulabu inaachia, ukianza kuvuta taya zinafunga na tope limo ndani. Shida ni siku ya mawimbi, chombo kikiyumba kamba inalegea kabla haijafika chini, taya zinajifunga katikati ya maji, unavuta weee unapata maji matupu. Na kijiwe kimoja tu au kipande cha kombe kikikwama kwenye taya mzigo unavuja njiani, hiyo sampuli mwaga tu usijidanganye eti nusu inatosha. Kwenye mchanga mgumu nako inakwaruza sentimita chache za juu, hivyo wale wanaochimba kwenda chini sana utawakosa, yule mnyoo mkubwa wa mchanga anaitwa Arenicola shimo lake linaenda sentimita 20 na zaidi, grabu hii haimgusi.

Sasa kijitabu kinasema inaleta sakafu ya bahari "kama ilivyo". Jamani! Kitu kizito kikishuka kinasukuma maji mbele yake, na hayo maji yanapeperusha ule utando laini wa juu kabisa kabla taya hazijagusa. Hii modeli ina vidirisha vya wavu mgongoni vya kupitisha maji, vinasaidia, lakini ukiiachia ishuke kwa kasi utando unaondoka vilevile, mita za mwisho shusha polepole. Na ule utando sio uchafu, ni mabaki ya mwani na vijidudu yanayodondoka kutoka maji ya juu, wakazi wengi wa huko chini wanaishi kwa hicho.

Ukipata mzigo mzuri usikimbilie kumwaga, fungua vidirisha uangalie. Kwangu hii ndo sehemu tamu kuliko zote. Juu kuna rangi ya kahawia, milimita chache tu, maana kwenye tope la pwani oksijeni haipenyi sana, chini yake kijivu halafu nyeusi tii inanuka yai viza. Ule weusi ni salfidi ya chuma, na harufu ni ya bakteria wanaotumia salfeti pale ambapo oksijeni imekwisha. Halafu unaona tundu la mnyoo limeshuka katikati ya weusi na ukuta wake una pete ya kahawia, kwa sababu mnyoo anapiga maji ndani ya shimo lake na oksijeni inaingia kule ambako bila yeye isingefika kabisa. Ila ukishamwaga kwenye beseni yote hayo yamekorogeka, so kama kazi yako ni matabaka, au unafuatilia wale bakteria wa kebo walioelezwa 2012 wanaojipanga uzi mmoja mrefu unaopitisha umeme kutoka kwenye salfidi chini mpaka kwenye oksijeni juu, achana na grabu, tafuta bomba la kukatia tope.

Chekeche ndo limeniudhi. Boksi limeandikwa "kwa uchunguzi wa uchafuzi" halafu ndani wanaweka matundu ya milimita 1! Watafiti Pearson na Rosenberg walishaonyesha tangu 1978 kwamba tope likizidiwa na uchafu wa kuoza wanyama wakubwa wanapotea na wanabaki vijinyoo vidogo kama Capitella, tena kwa wingi. Kijinyoo hicho ni chembamba kama nini, kwenye matundu ya milimita 1 kinapita wengi tu, hasa wachanga, yaani shahidi wako mkuu unammwaga baharini mwenyewe. Nusu milimita ndo ya kununua. Na ile ahadi ya kupata "viumbe wote wa tope" waifute, kuna minyoo duara na kopepodi (vijidudu vya jamii ya kamba) wanaobakia kwenye chekeche la mikroni 63 tu, yaani milimita 0.063, wanaweza kufika milioni kwa mita moja ya mraba, na Loricifera, kundi zima la wanyama ambalo sayansi haikulijua mpaka 1983, nao ni wa saizi hiyohiyo.

Kuosha: msipige maji ya presha, minyoo inakatika. Tumbukizeni chekeche kwenye beseni mlitikise taratibu, na wakati wa kuhesabu hesabuni vichwa tu, mikia achaneni nayo. Rozi bengali inafanya kazi, wanyama wanageuka waridi mnawaona fasta, japo inapaka na majani yaliyooza. Formalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, haimo kwenye seti, mkinunua tieni boraksi kidogo la sivyo asidi yake inakula makombe, na vaeni glavu.

Jingine, eneo la sampuli lililozoeleka ni mita ya mraba 0.1, kwa hiyo kwa grabu hii mng'ato mmoja ni robo tu, hesabu kabisa utashusha mara nyingi mpaka mkono uchoke.

Nyota 3 kati ya 5, zote za grabu. Chekeche la nusu milimita wanaliuza peke yake pembeni, wangeliweka tu ndani ya seti wakaondoa kile kijitabu.