Feni ndani au kivuli cha mwembe: Mama ashinde wapi?

Septemba na Oktoba, kabla mvua za vuli hazijashika, nyumba yetu ya bati kule mlimani Mabatini, Mwanza, huwa tanuri. Mama ana miaka 78. Kila siku swali ni lile lile: abaki ndani na feni, au nimtoe mwembeni?

Feni ina raha yake asubuhi. Ikifika saa saba bati limeshashika moto, inabaki kuzungusha joto lile lile. Umeme ukikatika, ndiyo basi. Ila kitanda na choo viko karibu, na kwa mwenye magoti mabovu hilo si dogo.

Mwembeni kuna upepo wa ziwa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, basi hewa ya ziwani huvutwa kuja kwetu. Mama hulegeza kitenge, anachambua dagaa, anaita kila apitaye: "Mwanangu, umeshindaje?" Ndani hanywi hata kikombe, nje, huku akipiga soga, anamaliza jagi zima la maji. Wazee kiu hawaisikii mapema, kwa hiyo kwangu hilo jagi lina uzito kuliko feni. Ubaya ni mawe. Majabali yale hutunza joto, na kiti kikisogezwa karibu nayo mgongo unaungua (nimeshagombezwa kwa hilo).

Mimi namtoa saa sita, namrudisha saa kumi na mbili, mbu hawajaanza. Usiku feni ni yake.