Uangalizi wa wagonjwa nyumbani, Malindi: mikono mizuri, dawa bado

Huduma hii ni ya mgonjwa wa kitandani, zamu ya muda wa saa 12.

Kumgeuza mgonjwa wahudumu wanajua hasa. Kila baada ya saa 2 hulazwa kwa ubavu, mto mmoja mgongoni na mwingine chini ya miundi ili visigino visiguse godoro. Hawamburuti: wawili humwinua kwa shuka lililokunjwa, maana ngozi ya mzee ikiburutwa huchunika, na kidonda huanzia hapo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hivyo hupapasa kiunoni na visiginoni kutafuta joto au ugumu. Hilo wengi hawalifanyi.

Dawa ndipo panapoyumba. Chupa ya insulini iliwekwa dirishani, na joto la Malindi la mwezi wa Machi si la mchezo. Tena haikuandikwa tarehe ya kufunguliwa, ilhali aina nyingi hutupwa baada ya siku 28. Umeme ukikatika, chupa ikifungwa ndani ya plastiki na kutiwa kwenye mtungi wa udongo uliofunikwa kitambaa kibichi, hupungua joto.

Mfuko wa mkojo nao ulitundikwa juu ya usawa wa kibofu. Mkojo ukirudi nyuma, huja na maambukizi.

Bei ni ya wastani. Anayedunga sindano muulize leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya. Sare nyeupe kila fundi cherehani anashona.