Wavu wa gofu uani kwangu Bwiru: miezi saba ya matumizi

Naishi Bwiru, Mwanza, ila gofu nachezea Lugalo, Dar es Salaam, kazi inaponipeleka huko mara tatu au nne kwa mwaka. Kati ya safari moja na nyingine nilikuwa sigusi fimbo, na kila nikirudi uwanjani naanza upya. Mwezi wa pili nikaagiza seti ya mazoezi ya nyumbani: wavu wa mita tatu kwa tatu, nguzo zake na zulia la nyasi bandia. Hadi inafika Mwanza nilikuwa nimetumia shilingi 340,000.

Wavu ndio ulioniudhi. Muuzaji aliandika kwamba unahimili hata draiva, fimbo inayorusha mpira mbali kuliko zote. Wiki ya saba ukatoboka katikati, na nilikuwa napiga aini 7 tu, fimbo ya masafa ya kati. Uani kwangu, kama nyumba nyingi za huku mlimani, kuna jiwe kubwa kuliko gari. Mpira ulipita kwenye tundu, ukagonga jiwe, ukarudi ukapita karibu kabisa na sikio langu. Mpira wa gofu una gramu 45 hivi na ni mgumu kama kokoto, na wanangu walikuwa wametoka kucheza palepale muda si mrefu. Nilimwandikia muuzaji. Alijibu mara moja, kisha kimya.

Nikaubeba wavu hadi Mwaloni, Kirumba, kwa mzee mmoja anayeshona nyavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Huu wa samaki gani?"

Nikamtolea mpira. Akauzungusha kiganjani, akaupitisha kwenye jicho la wavu wa sangara, ukapita bila kugusa uzi. Akavuta kipande cha wavu wa dagaa. "Huu jicho linazuia, ila uzi wake mwembamba. Nitakukunjia mara tatu. Na usiuwambe, mwanangu. Uliowambwa ndio unaokatika, uache ulegee." Saa moja na sindano yake, kazi imekwisha, elfu 25. Sasa mpira unafika, unazama, unadondoka chini taratibu, na hadi leo hakuna uzi uliokatika. Shida iliyobaki ni alasiri, upepo wa ziwani unapoutunisha kama tanga, kwa hiyo napiga asubuhi.

Zulia nalo lina kasoro ambayo huioni haraka. Ukipiga nyuma ya mpira, fimbo inateleza juu yake na mpira unaondoka vizuri tu, unajiona umepatia. Mwezi wa tano, kwenye nyasi halisi za Lugalo, fimbo ilikuwa inachimba udongo kabla ya kufika kwenye mpira. Baada ya shimo la nne kedi wangu, anayenibebea fimbo, akasema, "Kaka, uzito wako unabaki mguu wa nyuma." Alikuwa sahihi. Niliporudi nikaanza kuweka taulo lililokunjwa, upana wa kiganja nyuma ya mpira. Ukiligusa umekosea, hakuna ubishi. Wiki mbili za mwanzo nililigusa karibu nusu ya mapigo yangu.

Wavu pia unakuficha mpira ulikokuwa unakwenda, na mipira yangu hupinda kulia. Nilifunga utepe mwekundu katikati ya wavu, kwa sababu mpira huanzia zaidi kule uso wa fimbo unakotazama. Ukianza kulia ya utepe, uso ulikuwa wazi, yaani umetazama kulia. Usoni mwa fimbo napaka chaki, na alama inayobaki inaniambia kama nimepigia katikati au pembeni. Kilichonisaidia zaidi ni kugeuza mkono wa kushoto kidogo kuelekea kulia kwenye mshiko, hadi nikitazama chini nione vifundo viwili vya vidole. Ndani ya mwezi mipira mingi ikawa inagonga utepe.

Kwa ajili ya pata, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, seti haina kitu, nami naona hilo ndilo pengo lake kubwa. Uwanja wa par 72, yaani mashimo 18 yanayotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju 72, unahesabu mikwaju miwili ya pata kwa kila shimo, yaani 36, nusu ya mchezo mzima! Kwenye baraza la saruji nimechora kwa chaki duara la milimita 108, upana wa shimo halisi, na mpirani nasimamisha betri mbili za redio zikiacha nafasi ya kichwa cha pata kupita tu. Saruji inakimbiza mpira kuliko nyasi, kwa hiyo hapo najifunza mstari, si nguvu. Dakika 20 kila siku, kabla hata sijashika fimbo nyingine.

Mwezi wa tano nilimaliza Lugalo kwa mikwaju 114, ya pata ikiwa 43. Mwezi wa tisa 103, na ya pata 35.

Nguzo ni imara, hazijashika kutu. Zulia limeanza kunyonyoka pale ninapoweka mpira, sidhani litamaliza mwaka. Ukinunua seti kama hii, wavu wake upitishe kwanza kwa washona nyavu kabla ya mpira wa kwanza. Mimi nimeongeza blanketi zito kati ya wavu na jiwe, na watoto wanajua kwamba baba akishika fimbo, wao wanakaa barazani.