Rangi za Runinga Mpya: Ipi Ununue Nairobi, Ipi Uisubiri

Pita Luthuli Avenue au panda hadi Sarit Centre, hadithi ni moja: runinga inauzwa kwa rangi. Kibandiko hiki kinasema QLED, kile Mini-LED, kingine rangi bilioni moja, na video ya kasuku na maua inazunguka mchana kutwa mwangaza ukiwa umepandishwa hadi mwisho. Katika hali hiyo kila skrini inapendeza. Hapa nimezipanga kulingana na zitakavyofanya kazi sebuleni kwako. Msimamo wangu ni kwamba kwa familia nyingi za Nairobi, runinga yenye rangi pana kuliko zote bado haijafikia kustahili pesa zao.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo bilioni moja. Inatokana na tarakimu 10 za 0 na 1, ziitwazo biti, kwa kila rangi ya msingi: hatua 1,024 za nyekundu, 1,024 za kijani na 1,024 za buluu, ambazo ukizizidisha zinapita bilioni moja. Biti 8 hutoa milioni 16.7. Hizo ni hatua tu. Hazikuambii nyekundu yenyewe ni nyekundu kiasi gani. Skrini yenye rangi finyu inaweza kugawanywa hatua bilioni moja na nyekundu yake ikabaki ya tofali.

Upana wa rangi una vipimo vyake. BT.709 ni cha HD, cha tangu 1990, na taarifa ya saa moja usiku unayoitazama kwenye vituo vyetu haikizidi. DCI-P3 ni kipana zaidi na kilitengenezewa kumbi za sinema za dijitali. BT.2020, kilichotolewa 2012, ndicho kipana kuliko vyote, na rangi zake za msingi ni safi kama za leza. Jambo ambalo kibandiko hakisemi ni hili: filamu nyingi za HDR (zenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza) husafirishwa ndani ya BT.2020, lakini walioziandaa walifanya kazi ndani ya mipaka ya P3. Runinga inayojaza karibu P3 yote inakuonyesha karibu kila rangi iliyowekwa humo. Inayopita hapo inabeba uwezo ambao kwa sasa hauna picha nyingi za kuutumia.

1. Mini-LED yenye chembe za kwantamu

Hii ndiyo ningemshauri mtu anunue bila kusita. Runinga ya LED ya kawaida huwa na taa za buluu zilizopakwa fosfa ya manjano ili zitoe weupe, na katika weupe huo nyekundu na kijani huja zikiwa zimechanganyika. Chembe za kwantamu ni vipunje vya nanomita chache. Mwanga wa buluu ukizigonga, ndogo hutoa kijani safi na kubwa kidogo hutoa nyekundu safi. Ukubwa wa chembe ndio unaoamua rangi. Kazi ya kuzigundua na kuzitengeneza iliwapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023.

Mini-LED inaongeza taa ndogo nyingi nyuma ya kioo, zikiwa zimegawanywa katika kanda ambazo kila moja hupunguza mwanga peke yake. Faida yake kwetu ni mwangaza. Sebule nyingi za jijini zina madirisha makubwa na mapazia mepesi, na mechi ya Jumamosi alasiri hutazamwa jua likiwa ndani. Rangi bila mwangaza hufifia hapo. Mini-LED nzuri inashikilia kijani cha uwanja na wekundu wa jezi hata saa tisa mchana, na haidhuriki kwa maandishi ya habari yanayopita chini ya skrini kutwa nzima.

Tazama Hisense za U7, TCL za C7K na C8K, au Samsung zinazoitwa Neo QLED. Bei zake hukaa kati ya QLED ya kawaida (namba nne hapa chini) na OLED, ambayo kila nukta ya picha, yaani pikseli, hujiwashia mwanga. Udhaifu wake ni ukungu wa mwanga unaozunguka vitu vyeupe kwenye giza. Upime kwa kuomba filamu yenye giza na maandishi meupe chini, kisha usimame pembeni kidogo, kwa sababu ukungu huonekana zaidi kutoka upande. Muulize muuzaji ina kanda ngapi. Asipojua, tafuta mfano huo kwenye simu yako ukiwa hapo hapo.

2. QD-OLED

Kwa rangi tupu, hii ndiyo bora kati ya runinga ambazo mtu wa kawaida mwenye pesa anaweza kuzifikia. Ilitoka 2022 katika Sony A95K na Samsung S95B. Kila pikseli inajiwashia mwanga wa buluu, na chembe za kwantamu zinaugeuza kuwa nyekundu na kijani. Inajaza P3 na kufika karibu asilimia 90 ya BT.2020, na kwa kuwa haina pikseli nyeupe ya kusaidia, nyekundu angavu inabaki nyekundu: moto, taa za matatu usiku, dhahabu ya machweo. Ngozi nyeusi kwenye kivuli ndipo nilipoipendea zaidi. Unaona kahawia, wekundu na mng'ao wa jasho vikiwa vimeachana, mahali ambapo skrini ya bei rahisi inaonyesha doa moja tu la giza.

Nimeiweka ya pili kwa sababu ya mwanga wa chumba. Jua au taa kali za dukani zikiipiga, nyeusi yake inageuka kijivu chenye zambarau kidogo. Kama unatazama usiku mapazia yakiwa yamefungwa, ipandishe iwe ya kwanza na usinisikilize tena.

Uwe macho na majina. Samsung S90D ya inchi 48 au 83 si QD-OLED, ingawa zile za 65 na 77 mara nyingi huwa nayo. Sony Bravia 8 ya kawaida siyo, Bravia 8 II ndiyo. Kuna njia ya kuhakikisha. Omba picha nyeupe tupu, fungua kamera ya simu, isogeze hadi karibu iguse kioo. Ukiona nukta tatu zimepangwa kwa umbo la pembetatu, ni QD-OLED. Ukiona vipande vimesimama mstari mmoja, kimoja kikiwa cheupe, hiyo ni aina inayofuata.

3. OLED ya pikseli nyeupe

LG C na ndugu zake wengi. Nyeusi yake ni nyeusi kweli hata taa zikiwa zinawaka, na P3 inaijaza vizuri. Shida ni hicho kipande cheupe: picha ikihitaji mwangaza mkubwa, weupe unachanganywa na rangi inapauka. LG G5 ya 2025 imepunguza tatizo hilo sana kwa kupanga tabaka nne za mwanga, ila bei yake iko juu ya ile ya LG C.

Neno kwa anayenunua OLED yoyote ile. Wengi wetu huzima runinga kwenye swichi ya ukutani kabla ya kulala, ama kwa kuhofia stima ikirudi kwa kishindo, ama kuokoa tokeni. OLED husawazisha pikseli zake ikiwa imezimwa kwa rimoti lakini bado ina umeme, na kazi hiyo huanza baada ya saa kadhaa za matumizi. Ukiikatia umeme kila usiku, haifanyi kazi hiyo, na nembo za vituo huanza kuacha kivuli. Nunua TV guard nzuri, uzime kwa rimoti, ukutani uache ikiwaka. Na kama nyumba yako huwashwa habari asubuhi hadi usiku, rudi kwenye namba moja.

4. QLED ya kawaida

Ina chembe za kwantamu lakini haina kanda za maana nyuma yake. Rangi ni nzuri kuliko LED tupu, nyeusi ni kijivu. Neno QLED peke yake halisemi chembe ni nyingi kiasi gani, kwa hiyo iweke kando ya LED ya kawaida ya kampuni hiyo hiyo, video ikiwa moja. Usipoona tofauti dukani, nyumbani hutaiona.

Za kusubiri

RGB Mini-LED ndiyo inayozungumzwa zaidi sasa. Badala ya taa za buluu, nyuma ya kioo kuna taa nyekundu, kijani na buluu zinazojitegemea. Hisense ilionyesha ya inchi 116 mwanzoni mwa 2025, na Samsung ikatoa Micro RGB ya inchi 115 Agosti mwaka huo, kwa bei ya Marekani ya dola 29,999, yaani zaidi ya shilingi milioni tatu na nusu. Samsung inasema inajaza BT.2020 yote. Hata hivyo kanda za taa ni chache mno kuliko pikseli. Jezi nyekundu ikiwa kwenye kanda moja na mstari mweupe, taa zote tatu lazima ziwake, na usafi wa ile nyekundu unapungua. Uwezo mkubwa huonekana pale kanda nzima ikiwa na rangi moja. Saizi ndogo zimeshaanza kutangazwa na bei itashuka; anayeweza kukaa na runinga aliyonayo kwa miaka miwili mitatu, akae nayo.

MicroLED, ambayo kila pikseli ni taa ndogo sana inayojitegemea, ni nzuri ajabu, na kwa bei yake bado ni ya hoteli na matajiri.

LED ya kawaida si ya kusubiri; inatosha kabisa kwa chumba cha watoto au kama unatazama king'amuzi peke yake. Usilipie zaidi eti kwa sababu ina kibandiko cha HDR. Bila mwangaza na upana wa rangi, inapokea ishara hiyo tu na kuionyesha kama picha ya kawaida.

Kabla ya kulipa

Nenda na flash yenye picha zako: harusi yenye vitenge, uso wa mtu wa nyumbani unaoujua vizuri, kikapu cha nyanya na sukuma wiki. Mwombe muuzaji aitoe skrini kwenye hali ya duka. Anayekataa kuwasha picha zako, mwache. Dai risiti ya kodi (ETR) na waranti iliyogongwa muhuri, hata kama bei mmeelewana vizuri.

Ukishafika nyumbani, toa hali ya Vivid na uweke Filmmaker au Movie, kisha rangi ya weupe uiweke Warm. Skrini itaonekana ya manjano kwa siku chache, halafu macho yatazoea na uso wa mtangazaji utaacha kuwa wa chungwa. Kwa Netflix, HDR ya 4K inahitaji mpango wa Premium na intaneti ya Mbps 15 au zaidi, kwa hiyo jumlisha gharama hiyo ya kila mwezi kabla hujachagua kati ya namba moja na namba mbili.